Kiti cha Mabrouka

Alhamisi, 30 Januari 2025

Leo nimekuwa dairekta. Mimi! Aluoch niliyeanza na meza moja ya nguo za watoto pale soko la Toi. Nimevaa ile suti ya buluu, viatu vimenichubua, na bado nilikuwa nacheka peke yangu nikishuka ngazi.

Kampuni yetu (sikia, nimeshaanza kusema "yetu") inajenga na kuendesha bafu na vyoo vya kulipia, Kibera huku na Kawangware kule. Bodi ina watu saba. Mwanamke mmoja. Kabla yangu alikuwa Mabrouka Abdelkarim, yule Mnubi mwenye nyumba za kupangisha Makina, Kibera, aliyefariki Desemba kwa presha. Mimi nimechukua kiti chake. Na nasema kiti chenyewe hasa! Wambua, katibu wa kampuni, alinivutia kile cha mwisho karibu na dirisha akaniambia hapo ndipo mama alipokuwa akikaa. Nikakaa. Kilikuwa na joto. Nikasema ni jua la dirishani. Halafu nikageuka — dirisha linatazama ukuta.

Mwenyekiti ni Jaduong' Osewe, mzee wa kwetu Siaya, ndiye aliyenitafutia nafasi. Tulipofika kwenye kuthibitisha kumbukumbu za mkutano wa Novemba, mmoja akapendekeza, Jaduong' akanigeukia akitabasamu. Akasema tumpe dada yetu aunge mkono, sauti za wanawake zisikike kwenye bodi hii. Nikainua mkono mbio! Kwenye chama chetu cha akina mama hapa mtaani Olympic ndivyo tunavyofanya: mgeni hupewa aunge mkono kumbukumbu, ndiyo karibu yake, ulimi ufunguke. Nimewafanyia wageni wengi hivyo. Wakanipigia makofi, Wambua akaandika jina langu.

Kusema ukweli sikuwa nimesoma. Niliangalia ukurasa wa kwanza tu, majina ya waliokuwepo.

Chumba kilikuwa kinanuka udi. Nikamuuliza Wambua nani anafukiza udi ofisini. Akanitazama kidogo, akasema hapa hakuna mtu wa kufukiza.

Ijumaa, 31 Januari

Binti yangu Hope amenipost kwenye status yake. "Mathe ni boss, mko aje." Watu mia mbili wameona. Nimejifanya kukasirika.

Jumanne, 11 Machi

Tangi la Kongo limeanguka.

Saa mbili asubuhi. Tangi jipya, lita elfu kumi, walilipandisha juu ya paa la bafu za Kongo, Kawangware, mwezi uliopita. Leo limeshuka na paa na ukuta wa nyuma. Nabwire, mhudumu wa pale, alikuwa ndani anafuta sakafu. Amekufa. Wengine wanne wako hospitali.

Ee Nyasaye, Mungu wangu. Wambua ndiye alinipigia. Hakunisalimia. Alisema tu, limeshuka, mama. Nikawa nauliza nini, nini kimeshuka, na huku najua.

Jumatano, 12 Machi

Nimeenda Kongo. Jaduong' alisema tusiende, tungoje wakili. Nimeenda.

Tope. Matofali. Ndoo ya Nabwire iko palepale, kitambaa kimekauka kwenye ukingo wake. Dada yake alikuwa amekaa kwenye jiwe, hakulia, aliniuliza tu kama mimi ni wa kampuni. Nikasema ndiyo. Akaniambia, sasa nyinyi mlikuwa mnawaza nini? Nikamshika mkono akaniacha nimshike.

Fundi mmoja wa viatu mwenye kibanda ng'ambo ya njia alinivuta kando. Anasema yule mama wenu wa Kinubi alikuja hapa Novemba. Peke yake, na gurbaba lake, lile vazi la Kinubi, la rangi ya chungwa, limefungwa vizuri. Alikuwa anagonga ukuta na ufunguo wa nyumba. Kila akigonga, mchanga unamwagika. Akasema, "Hii haiwezi beba hata kuku." Majirani wote walicheka.

Nikamuuliza, una hakika alisema hivyo? Akaniangalia kama mimi ndiye mjinga. Pengine ni kweli.

Nimerudi nyumbani, nikaoga. Nilipofunga mfereji, maji yakaendelea kudondoka. Si mferejini. Juu, ndani ya dari. Fundi wa ploti amepanda, hamna kitu. Hakuna bomba linalopita huko.

Alhamisi, 13 Machi

Mkutano wa dharura. Jaduong' alianza kwa sala, ndefu, nzuri, nikasema amina. Kisha akasoma barua ya kwenda kaunti.

Barua inasema: uamuzi wa kuweka matangi kwenye bafu za Kongo na za Lindi, Kibera, ulipita kwa kauli moja mwezi Novemba, kwa ushauri wa marehemu Bi. Mabrouka, aliyekuwa msimamizi wa kamati ya ujenzi na usalama. Ushahidi ni kumbukumbu za mkutano, zilizothibitishwa Januari.

Zilizothibitishwa! Nikafungua faili langu. Nikasoma kwa mara ya kwanza. Kipengele cha sita. "Bodi iliafikiana kwa kauli moja." Na chini kabisa, ukurasa wa mwisho: Imeungwa mkono na Aluoch.

Jina langu, limepigwa chapa vizuri.

Nikainua mkono kuuliza: lakini je, huyu mama hakukataa? Mtu wa Kongo ameniambia — Jaduong' akanikatiza polepole: nyaminwa, dada yangu, wewe hukuwepo. Ni kweli. Sikuwepo. Wanaume watano wakaangalia meza. Barua ikapita.

Nilipoinuka, kiti kilibaki na joto. Hapo nilikuwa nimekikalia mimi, kwa hiyo si ajabu. Najiambia hivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Ai! Sikia hii. Chama cha wanawake wakurugenzi kimenichagua kupewa tuzo. Mwanamke kinara wa uongozi bora, kundi la wapya kwenye bodi. Waliandika tangu Februari, barua imekaa kwa ofisi. Sherehe ni tarehe 27, hoteli ya mjini, chakula cha mchana. Kabla yake kuna mafunzo ya siku moja.

Hope alipiga kelele mpaka jirani akaja. Nami nilipiga. Kisha nikaenda jikoni nikasimama mbele ya sinki.

Nilipaswa kukataa leo leo. Sikukataa.

Jumatano, 19 Machi

Mafunzo. Mwalimu ni Mama Amolo, mfupi, sauti ya kanisani, amekaa kwenye bodi nyingi kuliko miaka ya Hope. Tulikuwa wanawake thelathini. Alitufundisha mambo mazuri sana. Usikubali kuwekwa kwa kuhesabika tu. Omba makaratasi wiki moja kabla. Usichokielewa, uliza mbele ya wote, aibu itaisha lakini sahihi haiishi. Ukikataa jambo, taka kukataa kwako kuandikwe, na usitoke chumbani mpaka umeona kumeandikwa.

Kisha akafika kwenye kumbukumbu. Akasema kuna kosa moja tunalileta sisi kutoka kwenye vyama vyetu. Mgeni anapewa kuunga mkono kumbukumbu za mkutano ambao hakuuhudhuria, eti ndiyo kumkaribisha. Akauliza, "Hukuona, hukusikia, wewe unathibitisha nini? Upepo?" Ukumbi mzima ukacheka. Mwingine nyuma akasema ai, hata sisi! Wakacheka tena.

Mimi nilicheka pia. Masikio yalikuwa yanawaka. Nikaona huyo mama wa mbele yangu ana kitambaa cha chungwa begani, na nilijua, nilijua kabisa, kwamba akigeuka nitaona uso gani. Akageuka. Ni mtu tu, wa Nakuru. Akaniuliza kama niko sawa.

Wakati wa chai nilimfuata Mama Amolo pembeni. Nikamwambia yote, hata Nabwire. Hakunikaripia, afadhali angenikaripia. Alisema: mkutano ujao unaweza kuomba kumbukumbu zirekebishwe. Lakini usingoje mkutano. Andika barua leo, kwa mwenyekiti, nakala kwa kaunti. Na utafute karatasi. Neno lako peke yako watalimeza.

Kisha akauliza: na hilo tangi la Lindi, liko tupu?

Nikasema liko tupu. Nadhani.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemwendea Wambua. Nilidhani atanifukuza. Alifunga mlango, akakaa, akavua miwani. Macho mekundu.

Anasema yeye aliandika vizuri. Aliandika: Bi. Mabrouka alikataa, akaeleza kwamba kuta hazibebi, akataka kukataa kwake kuandikwe. Ikarudi kutoka kwa mwenyekiti imekatwa kwa wino. Akapiga chapa upya kama alivyoambiwa. "Mama, mimi ni katibu. Ninaandika nilichoambiwa." Aliirudia mara tatu, ile ya tatu kwa sauti ndogo.

Na rasimu hiyo iliyopigwa upya alimpelekea Mabrouka nyumbani Makina, kama kawaida, kabla ya kuthibitishwa. Akairudisha baada ya siku mbili. Wambua aliificha, hajui kwa nini aliificha badala ya kuichana. Alinipa. Nimeishika sasa.

Kando ya kipengele cha sita, kwa penseli, mwandiko wa kukandamiza:

Nilisema HAPANA. Mara mbili. Rekebisheni, tafadhali. M.A.

Tarehe 4 Desemba. Alikufa tarehe 9.

Hilo "tafadhali" ndilo linaniua. Mtu anaomba uongo juu yake urekebishwe na bado anasema tafadhali. Mimi ningetukana.

Nimeiweka karatasi ndani ya Biblia. Chumba kimeanza kunuka udi. Hope ameingia, akasema, mathe, nani anachoma nini? Kwa hiyo si mimi peke yangu! Sijui kama hiyo ni afadhali au ni mbaya zaidi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimempelekea Jaduong' Osewe barua yangu mkono kwa mkono. Nilitaka kumheshimu. Ndiye alinishika mkono nilipofiwa, ndiye aliyewalipia wazee gari mpaka Siaya. Nilisimama mbele ya meza yake na moyo unapiga kama nimeiba.

Alisoma. Akanimiminia chai yeye mwenyewe. Hakupaza sauti hata mara moja.

Akasema, nyaminwa, Mabrouka alikuwa rafiki yangu. Amepumzika. Kaunti haiwezi kumfunga, haiwezi kumwuliza kitu. Tukibadilisha karatasi sasa, bafu zote zitafungwa. Wahudumu wote, wanawake wale, unawajua kwa majina, watarudi kukaa bila kazi. Wewe uliletwa kuwainua au kuwamaliza?

Nikasema, lakini Jaduong', alikataa.

Akasema, na wewe uliunga mkono. Utawaambia nini siku ya Alhamisi pale hotelini? Kwamba kinara wa uongozi bora hakusoma?

Yawa. Alijua palipo laini akabonyeza hapo. Nikaichukua barua yangu kutoka mezani. Nikaikunja. Nikanywa ile chai mpaka mwisho. Nikasema asante!

Asante ya nini, Aluoch?

Jumanne, 25 Machi

Fahima amekuja. Binti wa Mabrouka. Nilifungua mlango nikashtuka mpaka nikashika fremu — ana paji la uso la mama yake, na gurbaba.

Nikamkaribisha chai, akasema amefunga. Nilisahau ni Ramadhani. Nikaona aibu ya kikombe changu.

Hakukaa sana. Anasema msikitini, sokoni, kila mahali anaambiwa, mama yako ndiye aliyepitisha matangi. Dada yake Nabwire alikuja mpaka mlangoni kwao Makina akasimama tu. Hakutukana. Alisimama, akaenda. Fahima anasema mama yake alirudi kutoka mkutano ule wa Novemba hakuvua hata viatu, akakaa kitandani akasema nimekataa, na wamesikia.

Akaniuliza: Mama Hope, wewe uko huko ndani. Je, mama yangu alikubali?

Biblia ilikuwa juu ya meza, kati yetu. Karatasi iko ndani. Mkono wangu ulikuwa juu yake.

Nikasema, bado tunafuatilia.

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Bado tunafuatilia! Nimekuwa dairekta kweli.

Alhamisi, 27 Machi

Tuzo.

Ukumbi umejaa, saa saba mchana, taa nyeupe, maua ya plastiki. Hope amesuka nywele mpya. Waliita jina langu, nikapanda, nikapewa kioo kizito chenye jina langu. Nilikuwa na hotuba mbili kwenye mkoba. Moja ilikuwa ya ukweli. Naapa niliiandika, kurasa mbili.

Nikaanza na salamu. Nikainua macho. Meza ya sita, karibu na nguzo, amekaa mwanamke mwenye gurbaba la chungwa. Hakula. Sahani iko mbele yake imefunikwa na tabaga, zile kawa za Kinubi za rangi rangi — na pale hotelini nani analeta tabaga? Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja zamu yake kwenye foleni. Bila hasira. Kwa adabu.

Nikachukua hotuba ya pili. Nikasema kiti cha mwanamke kwenye bodi si mapambo. Nikasema tusome, tuulize, tusiogope. Wakasimama kunipigia makofi! Mama Amolo peke yake alibaki amekaa, mikono mapajani.

Niliposhuka, meza ya sita ilikuwa na wanaume wanne wa benki. Nikawauliza kama kuna mama alikuwa hapo. Wakasema hapana, tumekuwa sisi tu tangu saa sita.

Hope anauliza kwa nini nilikuwa nalia. Nikasema ni furaha. Akaniamini, masikini.

Jumapili, 30 Machi

Sikuenda kanisani. Maji kwenye dari hayanyamazi. Nimeweka beseni chini, kavu. Sauti ndani ya beseni kavu.

Kile kioo cha tuzo nimekifunika na leso.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Nimeamka, nikatoa karatasi ndani ya Biblia, nikatembea mpaka Makina kabla moyo haujabadilika. Watoto njiani na nguo mpya, harufu ya pilau kila mlango. Nilikuwa natembea kama mtu anayeenda kujisalimisha polisi.

Nyumba ya Mabrouka ilikuwa na wageni. Fahima alinipeleka chumba cha ndani, kile cha mama yake. Udi pale ulikuwa wa kweli, kwenye chetezo. Nikampa karatasi. Nikamwambia: mama yako alikataa. Mara mbili. Waliifuta, na mimi nikaunga mkono kufutwa bila kusoma, na wiki iliyopita ulipokuja nyumbani kwangu nilikudanganya.

Nilisema yote kwa pumzi moja, nikaangalia zulia.

Alisoma ule mwandiko. Akaugusa na kidole. Huko nje wageni walikuwa wakicheka. Nilitaka anipige. Kweli nilitaka.

Akasema, "Umekuja siku ya Idd."

Nikasema nisamehe, ningengoja siku nyingine nisingekuja.

Akasema kusamehe baadaye. Kwanza tunapiga picha hii karatasi. Tukapiga, kwa simu yake, kwa yangu. Nikamtumia Mama Amolo, nikawatumia wanabodi wote pamoja na barua yangu. Kaunti pia. Vidole vilikuwa baridi lakini nilibonyeza. Jaduong' alisoma baada ya dakika moja, nikaona. Hakujibu.

Nikiwa mlangoni, Fahima akaniuliza: na Lindi wanajaza lini?

Nikasema Lindi limesimamishwa, liko tupu.

Akasema, Mama Hope, mifereji ya Lindi imekauka wiki ya pili. Jana walitangaza na spika. Alhamisi bafu zinafunguliwa, maji yapo. Wewe dairekta hukuambiwa?

Sikuambiwa.

Jumatano, 2 Aprili

Simu kwa Jaduong': haishikwi. Wambua: amezima. Meneja: mama, ni maagizo, watu wanakufa kiu. Afisa wa kaunti amepokea barua, anasema ataleta mhandisi wiki hii. Wiki hii siku gani? Hajui.

Mama Amolo amenipigia. Anasema nimefanya vizuri. Nikamwambia kufanya vizuri kwangu kumechelewa miezi miwili. Hakubisha.

Dari imenyamaza. Kimya kabisa tangu jana jioni. Nilidhani nitafurahi.

Alhamisi, 3 Aprili. Lindi.

Naandikia magotini. Nimefika saa mbili na nusu. Boza la maji liko hapo nje, bomba limepanda mpaka juu, injini inanguruma. Nimemwomba dereva azime. Akasema oda yake ni kujaza, mwenye kuzima ni meneja. Nimemwonyesha kitambulisho cha bodi. Akakisoma, akasema, si basi ni maji yenu?

Foleni imefika hadi kwa muuza makaa. Mitungi ya njano mpaka mwisho wa macho. Nimepanda juu ya jiwe nikawaambia: hili tangi ni sawa na lile la Kongo, ukuta ni uleule, mhandisi hajaja, rudini nyuma. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nikawasomea na karatasi ya Mabrouka, ile picha kwenye simu.

Mmoja akanionyesha lango. Wamebandika picha yangu! Mimi na kioo changu, ile siku ya hoteli, meno yote nje. Chini wameandika: Mkurugenzi wetu, kinara wa uongozi bora. Maji salama, huduma salama.

"Si ni wewe huyu?" akaniuliza. Nikasema ni mimi. "Sasa tuamini gani?"

Nimeichana. Wakacheka, wakasema mama amekasirikia picha yake, haikutoka poa.

Kwa hiyo nimekaa mlangoni. Palepale kizingitini, miguu nimenyoosha, hakuna anayepita bila kuniruka. Sikuona njia nyingine. Trizah, mhudumu wa hapa, amenisihi kwa upole. Anasema, "Mama, boss alisema nifungue saa nne, na sasa ni nne na robo. Nitafutwa." Nikamwambia akae mbali, kule kwa muuza makaa, amlaumu Aluoch. Ameenda nusu njia. Amesimama.

Fahima, niliyekuja naye, amekimbia kumtafuta afisa wa kaunti ofisini mwenyewe. Alisema nusu saa. Imepita.

Simu inaita. Jaduong'. Sasa ndiyo anapiga! Nimeiacha iite.

Juu yangu nasikia maji yakiingia. Ni maji kweli safari hii, sauti yake inabadilika, inakuwa nzito, limeshapita nusu. Kwenye ukuta, karibu na bega langu, kuna mchanga mwembamba umemwagika juu ya suti. Nimeupangusa. Umemwagika tena. Ninaogopa. Naandika ili mkono upate kazi.

Nikitoka hapa, wataingia.

Mama mmoja ametoka kwenye foleni, mtoto mgongoni, akaweka mtungi wake kando, akaja akakaa hapa ukutani pamoja nami. Anasema miguu imemuuma tangu alfajiri. Nimemwambia asikae, nimemsukuma hata. Nikamwambia panaanguka hapa, dada, toka!

Akanitazama, akatabasamu. Anasema, "Na wewe dairekta mwenyewe si umekaa?"

Wengine wawili wanakuja na mitungi yao. Yeye ameshafungua leso, ameanza kunyonyesha.